Matanga ya Bulandina Aliye Hai

Bulandina wa Bwera hakuwa mtakatifu, wala hakuna padre aliyewahi kumshuku kwa kosa hilo. Alikuwa mjane aliyetengeneza tonto, pombe yetu ya ndizi, katika nyumba ya udongo kando ya barabara iteremkayo kwenye mto Lhubiriha, mpaka wetu na Kongo. Wakatoliki walikunywa kwake baada ya Misa wakimshukuru Mungu. Walokole, ambao dini yao iliwakataza, walikunywa kwake wakimwomba Mungu atazame kwingine.

Mwaka 1964, vita vilipowafukuza watu wa Beni na Butembo majumbani mwao, kundi la wakimbizi lilikwama ng'ambo ya mto, kwa kuwa askari wa zamu upande wetu alikuwa ameamriwa asivushe mtu. Bulandina alimwendea mchana kweupe, mtungi kichwani.

"Rudi nyuma, mama!" askari alifoka. "Niko kazini!"

"Kazi gani, afande? Mto haiwezi kimbia. Onja kidogo tu, jua iko kali."

Alionja kidogo, kisha akaonja sana. Warumi wa kale walimwabudu mungu wa mipaka, ambaye alikuwa jiwe lisilotikisika. Askari wetu alifikia cheo hicho kabla ya adhuhuri. Alilala kando ya bunduki yake, na wakimbizi wakavuka wakiiruka miguu yake. Mmoja wao alikuwa Kahambu wa Butembo, mtoto mgongoni, ambaye hakurudi tena kwao. Alibaki Bwera akiuza vitenge.

Mwaka 1972, nchi ilipotimiza miaka kumi ya uhuru, kamati ya mji iliazimia kuweka vibao vya saruji mahali palipotukia mambo ambayo vitabu viliyapuuza, na ikawaomba wananchi wapendekeze. Wananchi walipendekeza kwa moyo mkunjufu kuliko kamati ilivyotarajia. Mmoja alitaka kiheshimiwe choo cha kwanza kuezekwa mabati. Mwingine alilitetea shimo la barabarani lililokuwa likiyanasa malori ya kiwanda cha saruji cha Hima, kwa hoja kwamba saruji ya kutosha kibao ilikuwa tayari imo humo. Ndipo Kahambu aliposimama.

"Miye nasema Mama Bulandina. Bila ule mama, siye bote tungekufa mu maji."

Mwenyekiti Enoka, mlokole, alijikuna shingo. Angewezaje kuitukuza pombe juu ya saruji ya serikali? Lakini mikono iliinuka, hata ya walokole wenzake, na tena kwa haraka iliyomhuzunisha. Akakubali, kwa sharti kwamba jina lake nalo liandikwe.

Kazi alipewa fundi Erifazi wa Kasese. Alikuwa fundi hodari, ila hakuwahi kuandika jina la mtu kwenye saruji isipokuwa mtu huyo awe amelala chini yake. Na katika vilima hivi, nani aliwahi kuona saruji yenye jina ikiwa na kazi nyingine? Mkono ulikwenda ulikozoea. Erifazi alilaza bamba refu kama mtu mbele ya mlango wa Bulandina, karibu na mabenchi, akachora msalaba, akaandika: BULANDINA, MAMA WA WAGENI. IMEJENGWA NA ENOKA.

Siku ile Bulandina alicheka. Siku zilizofuata hakucheka, kwa sababu hakuna mteja aliyekuja. Kwetu mtu hanywi na kupiga soga mbele ya kaburi ambalo matanga yake hayajaanuliwa. Ni lazima kwanza mwenye msiba, yaani aliyelijenga kaburi, anywe kibuyu cha kwanza kando yake na kutangaza kwamba kilio kimekwisha. Wateja walimwona Bulandina yu hai, wakamsalimu, wakamwuliza habari za afya yake kwa heshima kubwa. Kisha miguu yao ikawapeleka kwa Tabisa, ambaye pombe yake ilikuwa nyepesi kama sala ya mvivu.

Tonto haina subira. Ikikaa huwa siki. Bulandina alimwaga mtungi baada ya mtungi, hata akauza mbuzi wake wa mwisho ili anunue ndizi. Tonto ya ndizi hizo nayo ikimwagwa, angefunga mlango. Akamwendea Enoka.

"Mwenyekiti, ondoa ile kaburi yako."

"Ile si kaburi, mama. Ile ni heshima."

"Basi ipeleke kwa mlango yako. Andika jina ya mke wako, uone kama atakupikia."

"Mkubwa wa wilaya ameizindua. Mwenye kuivunja atafungwa."

Wakati huo habari ya kaburi ilikuwa imekwisha kupanda milima. Dada mkubwa wa Bulandina, Ketura, alishuka kutoka Kyarumba pamoja na ukoo, mizigo ya maharage vichwani, wakilia tangu kona ya barabara. Wakamkuta marehemu akifagia uwanja.

"Wee! Kumbe uko muzima?" Ketura akautua mzigo kwa kishindo. "Nimelia kutoka mlimani, sauti imeisha, na wewe unafagia?"

"Nisamehe, dada. Sikujua munakuja. Ningekufa mapema."

Ketura aliketi juu ya bamba, akapumua, akamwagiza Kahambu amsomee maandishi.

"Huyu Enoka ni nani kwetu?" akauliza.

"Si mutu wa ukoo," Bulandina akajibu.

"Amejenga kaburi, ameweka jina. Basi msiba ni yake. Twende tumuite."

Wayunani wa kale waliwajengea mabaharia waliopotea makaburi matupu. Lakini sijasoma popote kwamba marehemu alikwenda kwa miguu yake kumwita mfiwa. Ilikuwa siku ya soko. Ukoo mzima ulijipanga mbele ya ofisi ya kamati ukaangua kilio, na Bulandina akalia kuwashinda wote, maana ndiye aliyemfahamu marehemu kwa karibu. Enoka alivumilia kidogo, kisha akatoka, soko zima likimfuata hadi penye bamba. Ketura akamkabidhi kibuyu.

"Mimi nimeokoka," Enoka akanong'ona.

"Hata marehemu ameokoka, si unamuona? Kunywa. Ama toa saruji."

Enoka alilitazama bamba, akalitazama hasa mahali lilipoandikwa jina lake, lililokwisha kuzinduliwa na mkubwa. Ilidhihirika kwamba wokovu ungeweza kurekebishwa, saruji haiwezi. Akafumba macho, akanywa.

"Kilio..." alikohoa. "Kilio imekwisha!"

Watu waliyajaza mabenchi kabla hajafumbua macho. Waliokosa nafasi walikaa juu ya bamba, wakalisifu kwa ubaridi wake. Bulandina alikuwa akichota, akipokea, akiwatukana waliomsukuma, mpaka akamwona Enoka bado amesimama njiani.

"Mwenyekiti, rudisha kibuyu. Watu wangoja."

Enoka alinyoosha mkono, lakini hakukiachilia. Alikigeuza taratibu, mdomo juu, ili ajaziwe.