Nyuzi Zisizogeuka

Ipo asubuhi moja ya ukungu, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka mikono hunipoa.

Nilikuwa kijana niliyemaliza darasa la saba, mwoga wa kusema, nikifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao karibu na Lushoto. Ilikuwa miaka ile viwanda vya serikali vilipouzwa kwa watu binafsi. Tajiri wetu mpya, mtu wa Tanga, alikuja na kompyuta, akanifundisha kuchora vipuri kwa sababu nilikuwa na mkono mtulivu.

Shafti, chuma kinachozungusha msumeno wetu wa duara, ilipokatika, niliichora upya. Mwisho wa shafti pana nyuzi, ile mistari inayozunguka chuma ili nati inayobana msumeno ishike. Kwa msumeno wetu zilitakiwa nyuzi za kushoto. Zikiwa za kulia, msumeno ukikata, nati hulegea yenyewe. Nilichagua kushoto. Picha haikubadilika. Nikachagua kulia, kisha kushoto tena. Mistari ikabaki vilevile, imeelekea kulia, kama jicho linalokutazama bila kupepesa. Tajiri alikuwa meza ya pili, hatua tatu tu. Nikaona aibu kumwuliza. Karatasi ikaenda Tanga kwa mkereza vyuma.

Mzee Shemboza, fundi wetu mkuu, alikuwa na desturi ya kuzungushia kipuri kilichovunjika ugwe wa mgomba, kufuata nyuzi zilivyopanda, ndipo akipeleke kwa mkereza aone upande wake. Safari hii alikuwa msibani Mgwashi. Shafti ikarudi, tajiri akaifunga mwenyewe. Niliona nati ikikazwa kwa upande usio wake. Nikanyamaza tena.

Kesho yake Mzee akarudi.

"Shikamoo, babu," nikamwamkia.

"Marahaba. Mbona umepauka? Umeota umeozwa?"

Wenzangu wakacheka. Akawasha msumeno, akasukuma gogo la msonobari. Ukungu ulikuwa umeingia hadi ndani. Nilimwona kuanzia kiunoni kwenda juu tu. Nikasikia, chini ya mngurumo, mluzi mwembamba, kama mtu anayeita kutoka bondeni. Hakuna mwingine aliyegeuka. Mluzi ukapanda.

"Zima!" nikapiga kelele. "Zima, babu, zima!"

Akazima. Msumeno ukazunguka muda mrefu kabla ya kusimama. Mzee akaigusa nati kwa ncha ya kidole. Ikaanguka kwenye vumbi la mbao bila sauti. Tangu msumeno uwashwe ilikuwa inajifungua, wala hakuna aliyeishika.

"Uliliona lini hili?" akauliza.

"Wiki iliyopita, babu. Kwenye kompyuta. Niliona aibu."

Akanitazama sana. "Aibu ni yako, lakini aliyesimama mbele ya msumeno ni mimi."

Baadaye tajiri alinieleza kwamba kompyuta ile haikuchora nyuzi zenyewe. Ilibandika picha moja ya nyuzi juu ya mchoro wa chuma, ile ile kila mara, na upande ulipaswa kuandikwa kwa maneno. Jibu lilikuwa fupi hivyo.

Basi, mwanangu, usiiamini picha kwa kuwa ni nzuri. Andika kwa maneno kile ambacho picha haiwezi kusema. Ukiona jambo usilolielewa, uliza siku hiyohiyo, hata wakikucheka, na umwambie kwanza yule atakayesimama karibu na hatari. Kucheka kwao kutaisha kabla ya chai.

Mola akulindie vidole vyako vyote kumi, na kila anayetumia kazi ya mikono yako arudi kwake mzima jioni.