Mafuta Juu ya Ndiva Yetu

Mwaka ule tulikula makande yasiyo na maharage. Mvua ilikata njiani, maharage yakafia kwenye maua, na mlima mzima ukawa unachemsha mahindi matupu na kuyaita makande kwa heshima tu. Mimi nilikuwa na mbegu kidogo, nimezificha kwenye kibuyu na majivu wadudu wasizione. Msimu uliofuata nikazipanda shambani kwangu, chini kidogo ya ndiva, lile bwawa letu la udongo linalokusanya maji ya kijito usiku, asubuhi tukafungua na kumwagilia kwa zamu. Maharage yakaota. Nilikuwa nikipita njiani nimeinua kidevu kama mwenye zizi la ng'ombe.

Ndipo mwenyekiti wa kijiji akaona rangi juu ya maji.

Alikuja kwangu asubuhi anahema.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Tumetajirika."

Akanipeleka ndivani. Kweli, juu ya maji kulikuwa na utando unaong'aa, huku zambarau, huku manjano, unazunguka polepole. Harufu yake ya gereji. Vyura, ambao kwa kawaida hawatuachi tulale, walikuwa kimya, na viluwiluwi wao wanaelea matumbo juu. Mimi nikatazama viluwiluwi. Yeye akatazama rangi.

"Mafuta ghafi," akasema, kwa sauti ya kanisani.

Kufika mchana Kamati ya Mafuta ilishaundwa, na mwenyekiti wake ni yeye yule. Amri ya kwanza: ndiva isifunguliwe, maana hatuwezi kumwagilia mchicha kwa utajiri. Akawekwa mlinzi mwenye rungu. Dereva mmoja wa bodaboda alichota kwa kidumu akajaza tangi la pikipiki yake. Ikakohoa, ikafa pale pale, na watu wakasema hiyo ni dalili kwamba mafuta yetu ni ya daraja la juu, pikipiki haijayazoea. Wazee wawili waligombana uwanja wa ndege ukae wapi. Huku kwetu mpira ukikuponyoka unakwenda kuuokota kijiji cha Kisiwani, bondeni kabisa, lakini wao walishafika kwenye rangi ya ndege.

Maharage yangu yalikuwa yanatoa maua, na maji yamefungwa. Nikawa nabeba ndoo kutoka kijitoni, na magoti yangu haya, huku namtukana mlinzi kila nikipita. Alikuwa anaitikia kwa adabu.

Kisha likapigwa baragumu la msaragambo. Kwetu baragumu likilia, kila kaya inatoa mtu na jembe, hakuna kuuliza. Tumechimba mifereji hivyo, tumejenga shule hivyo. Safari hii kamati iliamua kwamba chemchemi ya mafuta iko chini ya ndiva, na njia rahisi ya kuifikia ni kuchimbia kwa chini. Yaani kwangu. Wakajipanga kwenye ukingo wa shamba na majembe yao, nami nikasimama katikati ya maharage.

"Bibi, tupishe kidogo," mwenyekiti akasema. "Ni maendeleo haya."

"Shamba langu hamchimbi, hata kwa kijiko."

"Utajengewa nyumba ya vioo."

"Atavifuta nani?"

Nikampigia simu mjukuu wangu. Anafundisha kemia sekondari, mjini Same, na msomaji asidhani najisifu bila kujijua. Najisifu, na ninajua. Akapanda siku hiyo hiyo, akasimama kwenye tuta la ndiva na kuwafundisha watu wazima kama watoto wa kidato cha kwanza. Alisema mafuta ghafi ni vidudu vidogo vya baharini vilivyokufa zamani sana, vikafunikwa na tope, vikagandamizwa na kupikwa na joto la ardhini mpaka vikawa minyororo ya kaboni na haidrojeni, mingine mifupi, mingine mirefu. Kiwandani yanachemshwa. Mifupi inaruka kwanza: gesi, petroli, halafu mafuta ya taa, halafu dizeli. Iliyo mirefu kabisa inabaki chini, ndiyo lami.

"Kama mtambo wa gongo," sauti moja ikasema nyuma. Mkutano mzima ukatikisa kichwa kwa kuelewa, mzee wa kanisa akiwemo, kisha akaacha kutikisa.

Mjukuu akachovya kijiti, akakinusa. "Haya yameshapita kwenye injini. Yana masizi. Hii ni oili chafu. Nani ameleta oili hapa?"

Macho yote yalikwenda kwenye uzio. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyeusimamisha kuzunguka ndiva, mbuzi wasiingie, na kila nguzo aliichovya mguu kwenye oili ya gereji ili mchwa wasiile. Sote huku tunafanya hivyo. Ila sisi hatujasimamisha nguzo mahali ambapo maji yanapanda kila usiku na kuziosha miguu.

Mwenyekiti akainama, akainusa nguzo yake moja. "Sawa, mwalimu," akasema. "Lakini tunajuaje kama si nguzo zilizoyanyonya mafuta kutoka ardhini?"

Mjukuu akamwambia utando ule unaziba hewa, ndiyo maana viluwiluwi wamekufa, na ukimwagwa shambani udongo nao unakosa pumzi. Basi msaragambo ukageuka. Waliokuja kuchimba wakang'oa nguzo, wakatandaza nyasi kavu juu ya maji zinyonye oili, wakazijaza kwenye mapipa. Akakataza zisichomwe, maana moshi wake tungeuvuta sisi.

Maji yakarudi, vyura wakarudi na makelele yao, na maharage yangu yakakomaa. Nikapika makande yenye maharage. Kamati ya Mafuta, ambayo mpaka leo haijavunjwa, ilikuja yote bila kualikwa. Mwenyekiti alimaliza sahani ya kwanza. Kwenye ya pili akainama kwangu, mdomo umejaa, kijiko mkononi.

"Bibi, maharage kustawi hivi si bure. Huko chini kabisa, tuseme..."

"Shamba langu hamchimbi, hata kwa kijiko."