Mtu wa Tenti

Mbele ya wateja, mwenzangu alikuwa na kawaida ya kunishika bega na kusema, "Huyu si patna wangu tu, huyu ni ndugu." Wateja walipenda. Hata mimi nilipenda, na ninalisema hilo mapema nisije nikajifanya mwerevu kuliko nilivyokuwa.

Kazi yetu ilikuwa kukodisha tenti na viti vya sherehe. Tuliianzia Kangemi tukilala chumba kimoja, viti vimepangwa mpaka juu ya kitanda. Baadaye tulipata kiofisi mjini. Yeye akawa wa kukaa pale na tai, mimi wa lori na wapakizi. Sikuona ubaya. Alisoma mpaka chuo, mimi shule iliniacha njiani, na mdomo wake ulituletea kazi nyingi. Hiyo ni haki yake, siwezi kumnyima.

Kwamba anaoa, nilijua kwa njia ya oda. Jumamosi, mtaa wa Karen, tenti kubwa nyeupe, mteja yeye mwenyewe. Nikampigia. Akacheka, akasema mambo ya mahari yamekuja mbio, na amewaahidi wakwe kwamba tenti ni juu yake. Nikamuuliza nivae nini.

"Vaa tu vizuri, buda," akasema; ndivyo tulivyoitana tangu Kangemi.

Jibu hilo nimeligeuza mara nyingi. Pengine ulikuwa mwaliko, pengine alikuwa ananiondoa kwenye simu. Nilinunua shati. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: nitakaa na watu wake, au nitasimama na wapakizi.

Tulipomaliza kusimamisha tenti, nilibadilisha shati nyuma ya lori. Msafara wake ulipofika, wanawake wa boma la bibi harusi waliuzuia langoni uimbe kwanza, kama desturi. Nikajiunga mwisho wa mstari, nikaimba nisichokijua. Tukafunguliwa. Shangazi wa bibi harusi, aliyekuwa akimsalimia kila mtu kwa mkono, akanishika wangu, akamgeukia bwana harusi.

"Na huyu ni nani wako?"

Akalitazama shati langu. "Huyu ni wa tenti."

Shangazi wa watu hakuwa na kosa. Alinielekeza kwa upole nyuma ya jikoni, chakula cha wafanyakazi kiko kingi. Nilikula. Kilikuwa kitamu, lazima niseme.

Kisha wakaletwa wasichana waliofunikwa leso toka kichwani hadi miguuni, bwana harusi amtambue wake. Akamshika wa kwanza aliyemkaribia, na ndiye. Vigelegele. Akachukua mikrofoni, akatangaza kwamba mtu wake hawezi kumpotea hata gizani. Mimi nilikuwa nimesharudi, nimeegemea nguzo ya tenti pale pale, uso wazi.

Tenti zetu hushuka saa kumi na mbili jioni. Sheria hiyo aliiweka yeye, na amenigombeza mara nyingi kwa kuwaonea wateja huruma. Saa ilipofika mjomba wake alikuwa bado anawashukuru wageni kwa mikrofoni. Nilingoja kiasi ambacho ningemngojea mteja yeyote, hapo sikumpunja, halafu nikawaambia wapakizi waanze na vitambaa vya pembeni. Baridi ya Karen ikaingia. Wazee wakafunga vifungo vya makoti.

Bwana harusi akanijia mbio, akatabasamu ili wakwe wasishtuke, akaninong'oneza sikioni.

"Buda, usinifanyie hivi. Si sisi ni ndugu?"

Miaka yote hiyo neno lenyewe alikuwa akilipigia kelele kwa watu wa kukodi viti. Hapa, palipokuwa na watu wa maana kwake, limekuwa la sikioni.

"Liseme kwa mikrofoni," nikamwambia, "na tenti ikae mpaka kesho."

Aliitazama mikrofoni. Akawatazama wakwe. Namhurumia kidogo nikikumbuka, maana alifikiria kweli, niliona midomo ikijaribu. Kisha akaenda akaipokea kwa mjomba wake, akawaambia wageni, kwa ile sauti yake nzuri ya ofisini, kwamba ratiba imefika mwisho.

Huenda nilipaswa kungoja. Mjomba wake alikuwa hajamaliza kushukuru. Nilivua shati jipya nisilichafue, nikashika kamba.