Nyama ya Bosi na Mikono ya Baba

Daktari alifunga faili, akanitazama juu ya miwani, akaniuliza swali ambalo sijawahi kulisikia hospitalini.

"Mzee anakula nyama mbichi?"

Nilicheka. Kweli nilicheka, na baba yangu amelala kitanda cha pili kutoka dirishani, mrija wa dripu mkononi.

"Daktari, baba yangu hata nyanya namchemshia."

Yeye hakucheka. "Damu yake ina vijidudu vya kuku mbichi. Kuna mtu nyumbani kwenu anashika nyama halafu anamlisha, au mzee anaishika mwenyewe."

Papo hapo nilijua ni nani. Nilikuwa nimeshamtimua wiki mbili kabla, lakini hasira haijui kalenda.

Ngoja nianze mwanzo. Nikiisimulia hii habari juujuu mtanionea huruma, na huruma ya mtu siitaki.

Kazi yangu ni kusimamia usafi hotelini. Wahudumu wakimaliza chumba, mimi napita na kitambaa cheupe. Juu ya mlango, nyuma ya choo, chini ya kitanda. Kitambaa kikitoka na vumbi, chumba kinarudiwa chote. Wananiita Kitambaa, wanadhani sijui.

Nyumbani tulikuwa mimi, baba, dada wa kazi na paka wawili. Mume hakuna, msiniulize.

Baba alikuwa fundi saa kwa miaka arobaini. Vidole vyake viliweza kushika skrubu ndogo kuliko chembe ya mchele. Alipopata saratani ya damu nikamleta kwangu. Dawa zilimshusha kinga, na daktari akanionya mapema: chakula kiive, maji yachemke, kibichi chochote kisimkaribie.

Akaniuliza kama tunafuga wanyama.

"Paka wawili," nikasema. "Wasafi kunizidi mimi."

Hakuniuliza wanakula nini. Na mimi sikusema. Lishikeni hilo.

Paka wenyewe ni Shangazi, mnene, mvivu, hana neno na mtu, na Bosi, dume jeusi lenye madharau. Bosi alikuwa na ngozi inayomwasha, manyoya yanadondoka kwa mafungu. Nikaingia kwenye kundi moja la wafuga paka mtandaoni. Wakaniambia achana na chakula kikavu cha pakiti, mpe nyama mbichi, itengeneze mwenyewe.

Nikasoma mpaka nikawa profesa.

Kila Jumamosi jiko langu lilikuwa maabara. Mapaja ya kuku, mioyo, maini kidogo, shingo zilizosagwa pamoja na mifupa, viini vya mayai, mafuta ya samaki. Napima kwenye mizani. Maini yasizidi, mifupa isipungue. Nagawa kwenye vikopo, natia friza.

Ubao wa paka mwekundu. Kisu cha paka peke yake. Glavu. Nikabandika kanuni tisa kwenye mlango wa friji, na ya tisa nikaipigia mistari miwili: paka wale varandani tu, saa kumi jioni, dakika ishirini, bakuli lioshwe kwa maji ya moto.

Baada ya miezi miwili Bosi aling'aa kama kiatu cha askari. Nikaweka picha kundini, watu wakanimwagia sifa. Kichwa kikavimba, sifichi.

Kusimamia saa kumi jioni ilikuwa kazi ya dada, maana muda huo mimi nilikuwa bado kazini.

Huyu dada alikuwa na mwaka wa tatu kwetu. Mtu wa maneno machache. Yeye alimwita baba yangu babu, na baba akimwita mwanangu. Mimi nilimkagua kama ninavyokagua vyumba vya hoteli, kitambaa mkononi, na sikuwahi kumkuta na kosa. Hilo nalo lilikuwa linaniudhi.

Siku moja akaomba ruhusa ya siku tatu. Mtoto wake alikuwa anaumwa huko anakolelewa na bibi yake. Akapika supu ya baba, akaweka kwenye friji, akaniambia, "Mama, uipashe mpaka ichemke." Nikabadili zamu ili niwe narudi mapema. Saa kumi natoa mabakuli ya paka varandani, najitupa kwenye kochi na simu yangu.

Dada akarudi. Kesho yake baba akaanza kuharisha, homa juu, midomo imekauka.

Siku nne hospitali. Wakasema amekula kitu kibaya.

Kitu kibaya. Nikapiga hesabu yangu ya haraka: siku tatu mzee amekula supu ya nani? Kesi imeisha.

Tuliporudi nyumbani sikuvua hata viatu. Nikamwita dada sebuleni mbele ya baba.

"Ulimpikia nini baba yangu?"

"Supu ile ile ya siku zote, mama. Niliichemsha vizuri."

"Supu ya siku zote haimlazi mtu siku nne."

Akamtazama baba. Baba alikuwa kwenye kiti chake, Bosi magotini. Baba akageuza uso akatazama ukuta.

Niliona vizuri. Nilidhani anamwonea aibu msichana wa watu kwa uchafu wake.

"Funga virago," nikasema.

Hakulia, hakubishana. Alifunga mfuko mmoja, akamuaga babu yake kwa kumshika bega. Mlangoni akageuka.

"Mama, tafadhali usisahau mikono ya babu. Kila saa kumi."

Jamani. Mimi, Kitambaa, nafundishwa kunawa?

"Unanifundisha usafi mimi?"

"Hapana, mama," akasema, akaenda zake.

Nikamleta binamu yangu awe anashinda na mzee mchana. Binamu anaweka bakuli varandani saa kumi kamili, kanuni anazifuata, kisha anarudi kwenye tamthilia yake. Nyumba ikawa inang'aa. Nikajisemea, unaona sasa.

Wiki mbili baadaye baba alianguka bafuni akitetemeka. Ndipo hilo swali la daktari.

Nikamweleza kuhusu dada. Nikamweleza kwa mbwembwe zote, supu, friji, uchafu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Wiki mbili ni nyingi," akasema. "Hiki kimeingia siku chache zilizopita. Tena nadhani hata mara ya kwanza kilikuwa hiki hiki."

Nikaenda nyumbani kumchukulia baba nguo safi. Nikaingia chumbani kwake nimejaa hasira, na mkono wenyewe, kwa mazoea, ukatafuta kitambaa. Juu ya mlango, safi. Dirishani, safi. Nikapiga magoti chini ya kitanda.

Kulikuwa na beseni dogo la bluu. Ndani yake kipande cha sabuni na taulo ndogo, vyote vimekauka kau. Sabuni ilikuwa imepasuka kwa ukavu.

Kwenye ubao wa kitanda, upande wa ukutani, palikuwa na kitu cheusi kimegandia. Nikakikwangua kwa kucha. Ini.

Nikageuka. Bosi alikuwa amekaa mlangoni ananitazama. Nilitupia jicho saa ya ukutani ya baba, ilikuwa saa kumi na dakika tatu.

Nikampigia dada simu. Alipokea haraka, kama mtu aliyekuwa akiingoja.

"Beseni la nini hili?"

Akasema, "Babu anaendeleaje, mama?"

"Nijibu kwanza."

"Bosi hakuwahi kula varandani. Alikuwa anakula kwa babu. Babu analeta bakuli kitandani, anamega kwa vidole, anamlisha kitonge kimoja kimoja. Akimaliza, paka anamlamba mkono, naye anajifuta mdomo kwa mkono huo huo. Nilimwambia ni hatari, akaniomba nisikwambie. Alisema, mwanangu, mikono hii haishiki tena saa, aliyebaki kuingoja ni huyu paka peke yake."

Nikakaa sakafuni.

"Akasema ukijua utamfungia Bosi nje," akaendelea. "Na kweli ungemfungia, mama. Basi nikawa namwosha. Maji ya moto na sabuni, mpaka ndani ya kucha, na shuka nabadilisha. Miezi saba tumbo halikumsumbua hata siku moja. Zile siku tatu sikuwepo, nikaogopa, lakini nikasema Mungu ni mwema."

"Kwa nini hukusema siku ile ninakufukuza?"

"Nilimwapia babu. Nikamtazama nione kama atanifungua mdomo, hakunifungua." Akavuta pumzi. "Lakini wewe nilikuambia, mama. Nilikuambia mikono."

Nilikata simu bila kuaga. Sina cha kujitetea kwa hilo pia.

Hospitalini nilimkuta baba macho wazi. Nilishika mkono wake nikaugeuza, nikatazama kucha zake, zile kucha za fundi saa, na yeye akaelewa.

"Umelikuta beseni."

"Ndiyo, baba."

"Mama," akasema, maana aliniita hivyo tangu utoto, "nilimwacha mtoto wa watu aondoke kwa kosa langu. Kwa ajili ya paka."

"Mimi ndiye niliyemfukuza."

"Wewe ulikuwa hujui."

Hapo ndipo roho iliponiuma hasa. Nilikuwa nimeambiwa. Nilisimama mlangoni kwangu nikaambiwa kwa Kiswahili chepesi, nikaona nimetukanwa.

"Mwombe radhi," akasema. "Na Bosi usimtupe."

Baba alifariki siku ya tatu, asubuhi, wakati wauguzi wanabadilishana zamu.

Msibani watu walijaa. Nilikuwa nimekaa chini kwenye mkeka, sioni mbele wala nyuma, nikasikia mlango wa chumba cha baba unafunguliwa. Dada alikuwa amekuja bila kuitwa. Aliingia mle chumbani akatoka na lile beseni la bluu, ameshalisugua, na jagi la maji ya moto. Akaanza kuwanawisha watu kabla ya chakula, mmoja mmoja, toka mlangoni.

Alipofika kwangu nikanyoosha mikono. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya radhi tangu hospitalini, na nililoweza kutoa ni moja tu.

"Nisamehe."

Alinimiminia maji kama alivyowamiminia wengine. Akangoja nimalize.

"Nimesamehe, mama," akasema. "Ila usiniombe nirudi."

Akapita kwa aliyefuata.

Hakurudi. Ana kazi kwingine sasa, anamtunza bibi mmoja mgonjwa, na nasikia hiyo familia inamsifu kila mahali. Asante ya punda ni mateke, na punda wa hadithi hii mnamjua.

Najua kuna watakaoniuliza kama nyama mbichi ni mbaya kwa paka. Bosi yuko hapa, mzima, anang'aa. Muulizeni daktari wa mifugo. Lakini kama ndani ya nyumba kuna mgonjwa, muulizeni na daktari wa mgonjwa, na msiseme paka ni wasafi halafu mkanyamaza kama nilivyofanya mimi.

Siku hizi nyama yake naichemsha. Bakulini hagusi. Saa kumi anakaa mlangoni pa chumba cha baba, mpaka niende nikakae kitandani nimlishe kwa vidole, kitonge kimoja kimoja. Kisha nanawa, maji ya moto na sabuni, mpaka ndani ya kucha.

Nyani haoni kundule. Miaka kumi na moja napita na kitambaa kwenye vyumba vya watu, na uchafu uliomuua baba yangu niliupima kwenye mizani kwa mikono yangu mwenyewe, kila Jumamosi.

Nitawaachia hili moja. Mtu uliyemfukuza akigeuka mlangoni akakuambia neno, lisikilize. Wakati huo hana tena mshahara wa kulinda wala sababu ya kukubembeleza, na huenda hilo ndilo neno la kweli kuliko yote aliyokuambia tangu aingie kwako.