Mwalimu wa Roketi Aliyeogopa Waziwazi

Jumatatu nilipigiwa simu kwamba mwalimu wa fizikia niliyemfahamu katika shule moja ya mtaa wa Yamumbi amefariki baada ya kuugua. Kwao ni mbali, kando ya ziwa, lakini kazi yake yote aliifanyia hapa Eldoret, na binti yangu alikuwa katika klabu yake ya sayansi. Klabu hiyo iliunda roketi za chupa za plastiki, za kurushwa kwa maji na pampu ya baiskeli, kwa kufuata maelekezo ya tovuti ya shirika moja la anga za juu. Siku ya wazazi alituonyesha kurasa za watoto, zimejaa rangi na michoro. Kisha, bila kuombwa, akafungua ukurasa wa wanaanga waliokufa kazini. Nyuso zote zilikuwa zikitabasamu. "Huyu alikuwa mwalimu kama mimi," akasema akigusa picha moja. "Nikimwona, usingizi hunipotea."

Muhula uliofuata chupa moja ilipasuka, kipande kikampiga binti yangu chini ya jicho. Nilikimbilia hospitali nikijiuliza kama ataniona tena kwa macho yote mawili. Jicho lilipona. Mwalimu mkuu alitaka mambo yaishie hapo, tovuti ya shule ibaki na picha za vikombe. Mwalimu akakataa. Akasimama mbele ya wazazi. "Chupa ilikuwa imechakaa. Niliiona, nikasema itavumilia. Naogopa kuwaambia, lakini kunyamaza kunaniogopesha zaidi. Naomba habari hii iandikwe kwenye tovuti yetu."

Mama mmoja akapaza sauti: "Leo ni shavu, kesho je?"

"Sijui, Mama. Ndiyo maana naogopa."

Ikaandikwa, chini ya picha za klabu. Watoto kadhaa walitolewa klabuni na wazazi wao. Nami nilitaka kumtoa wangu, naye akanikatalia: "Baba, sasa ndio mwalimu ako makini."

Tangu nisikie msiba huu nimekuwa na hofu, kwani aliyethubutu kukiri kosa lake hadharani ameondoka. Mji wetu unapanda juu kwa maghorofa kila mwezi, na tovuti za wakubwa zinatuonyesha tepe za uzinduzi zikikatwa tu. Nikipita chini ya ghorofa linalojengwa, huharakisha hatua. Si kwamba najua lina kasoro, bali najua likiwa nayo hakuna atakayeniambia. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mara nyingi kifo chenyewe huwa cha mtu mwingine. Mtoto anayefundishwa ushindi peke yake hatajua lini arudi nyuma. Tuwaonyeshe waliopaa, kisha tuwaonyeshe walioanguka na sababu iliyowaangusha, hata kama sababu hiyo ni sisi.