Tumbusi wa Robanda na Ndege Isiyo na Injini

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Tarime katika miaka ya hamsini, Mkaguzi wa Hali ya Hewa alinipa puto jekundu nilipandishe angani. "Litazame mpaka likupotee," alisema. "Wewe upepo wa juu huuoni, puto linauona." Nilikuwa na kaptula iliyopigwa pasi na kiburi cha kutosha.

Baadaye nilihamishiwa uwanja wa nyasi karibu na Robanda. Huko nilijifunza hewa pandishi: jua likichoma ardhi, hewa ya joto hupanda, na tumbusi huzunguka ndani yake wakapaa bila kupiga mbawa. Mchana upepo wa ziwa huja kutoka magharibi. Ukikutana na ule wa mashariki, mawingu hujaa na dhoruba hushuka ghafla.

Mtafiti mmoja, Bwana Henri, alikuja na ndege isiyo na injini, inayovutwa na lori kwa waya mpaka ipae. Alipanda, akawakuta tumbusi, akazunguka nao. Sisi wa kituo tulifurahi sana.

Tulichosahau ni desturi ya watu wa pale. Wakiona tumbusi wanazunguka, wanajua simba ameacha nyama, na anayewahi ndiye anayekula. Wakaja na visu na vikapu, wakajaa katikati ya uwanja, huku magharibi kumeshakuwa kweusi kwa mawingu.

Nikaingiwa na hofu ya kweli. Ndege ile ikishashuka haiwezi kupaa tena. Ingewaangukia, au Bwana Henri angewakwepa afe yeye.

Nikawakimbilia. "Ondokeni, ndege inataka kutua."

"Wewe Mkurya, unatufukuza ule peke yako?" mzee mmoja akacheka.

"Mle ndani kuna mtu, baba."

"Mtu gani? Ndege ya watu inanguruma. Hiyo iko kimya."

Wenzake wakacheka. Mama mmoja mtu mzima hakucheka. Nikamwamkia shikamoo, nikihema.

"Marahaba. Huyo mtu unamjua jina?"

"Anaitwa Henri, mama."

Akatazama juu, akawageukia wenzake, akasema kitu kwa Kiikoma, lugha yao, kisha kwangu: "Kama ana jina, tutasogea."

Walisogea. Ndege ikashuka, na upepo wa dhoruba ukaifuata nyuma ukitaka kuibinua. Watu walewale waliweka vikapu chini wakaning'inia kwenye mbawa, mvua ya mawe ikiwapiga migongoni. Bwana Henri alitoka. Mama yule akamtazama usoni. "Henri," akamwita, kama anahakikisha.

Mkaguzi alipopata habari aliniuliza kama uwanja uwekewe uzio. Nilimwambia uzio hautasaidia kitu.

Nimefundisha vijana wengi kupima upepo, na wengi wamenizidi kwa vyombo. Lakini mpaka nastaafu, hakuna aliyeruka kwenye uwanja wangu kabla sijaenda kijijini asubuhi kuwatajia jina lake.