Bwana Dirisha na Kadi za Stoo

Kwa miaka thelathini na mmoja watu walimjua kuanzia kifuani kwenda juu. Alikuwa mtunza stoo katika karakana kubwa ya magari, na stoo yenyewe ilikuwa na dirisha moja dogo lenye ubao wa kaunta. Fundi akitaka nati au filta aliinama dirishani, akataja anachotaka, akatia sahihi kwenye kadi, akapewa, akaenda zake. Ndiyo maana wakamwita Bwana Dirisha. Waliokutana naye barabarani walishtuka kuona kumbe ana miguu, tena mirefu kweli kweli, maana jamaa alikuwa na kimo cha kubadilisha balbu bila kupanda kitu.

Siku aliyostaafu walimpa saa ya ukutani na makofi. Kesho yake akaamka alfajiri kama kawaida, akavaa, akakaza mkanda, akakaa sebuleni kuitazama ile saa. Hakuna aliyegonga. Siku ya pili hakuna. Wiki ya pili alijikuta akikitazama kiti kilichovunjika mguu mmoja, kikabaki na mitatu, kilichosukumwa nyuma ya mlango tangu watoto wakiwa wadogo, kiti ambacho hakuna anayekikalia na hakuna mwenye moyo wa kukitupa. Roho ikamwuma. Alijiona yeye ndiye kile kiti.

Basi akaivamia stoo ya nyumbani.

Tuseme ukweli, ilistahili kuvamiwa. Kilikuwa chumba chembamba kando ya jiko, na ukifungua mlango ilibidi uruke pembeni, kwa sababu lazima kitu kingeanguka na hukujua ni kipi. Mlikuwa na mifuniko isiyo na sufuria, sufuria zisizo na mifuniko, pasi isiyo na waya, miavuli mitatu iliyovunjika mbavu, na gunia la maharage lililolaliwa na godoro. Mkewe, fundi cherehani aliyeshonea barazani, alikuwa akivuta pumzi kwanza kabla ya kuingia humo.

Siku tisa Bwana Dirisha alitoka jasho. Alitoa kila kitu nje, akapangua kitanda cha zamani akapata mbao za rafu, akazipaka rangi nyeupe. Mchele, unga, sukari na majani ya chai vikaingia kwenye makopo yanayolingana, na kila kopo akalivisha kitambaa kutoka kwenye vipande vilivyobaki cherehanini: maua kwa vitu vya asubuhi, mistari kwa vya mchana. Sabuni akazihamishia kona yake, mbali na unga. Mifuniko ikapata wenyewe, na iliyokosa wenyewe ikatoka nyumbani humo bila kuagwa. Juu ya mlango akaandika kwa herufi kubwa sheria aliyowafundisha wasaidizi wake wote kazini: KIZITO CHINI, KINACHONGOJA JUU, CHA KILA SIKU USAWA WA MKONO. Kile kiti cha miguu mitatu kikapanda rafu ya juu kabisa.

Majirani wakaja kuangalia, wengine mara mbili. Mkewe alishika kiuno, akaangaza macho rafu kwa rafu, akasema, "Mzee, leo nakuvulia kofia."

Angeishia hapo, ingekuwa raha mustarehe. Lakini siku ya kumi aliukata mlango katikati, akaiondoa nusu ya chini, akapigilia ubao wa kaunta kwenye miimo, usawa wa kiuno, akasimama nyuma yake na kalamu sikioni. Kila kopo lilikuwa na kadi yake, inaning'inia kwa uzi.

"Mzee, nipe chumvi," mkewe akasema, mwiko mkononi, sufuria ikitokota nyuma yake.

"Chumvi kiasi gani?"

"Ya kutosha."

"Ya kutosha siyo kipimo, mama watoto. Kwenye kadi nitaandika nini?"

"Andika mboga inaungua!"

Akapima vijiko viwili, taratibu, akaandika, akasogeza kadi mbele. "Sahihi hapa."

"Sahihi? Siku nitakayotia sahihi kwa chumvi yangu mwenyewe, ita ndugu zangu waje wanichukue." Akanyakua chumvi, akageuka. Bwana Dirisha akaandika kwa mwandiko safi: Amekataa.

Baada ya wiki tatu kadi zote zilijaa Amekataa. Msomaji atauliza, kwa nini mama wa watu asipite chini ya ubao akajichukulia? Alipita, tena bila kuinama sana, maana yeye alikuwa mfupi wa kupendeza. Shida ilikuwa ndani. Sukari ilikaa usawa wa mkono, ndiyo, lakini mkono wa Bwana Dirisha. Mkewe alisimama kwa ncha za vidole, akajinyoosha hadi mgongo ukalia, akaambulia kugusa maua ya kitambaa. Akabaki kuita tu. "Mzee!" Mara kumi na tano, mara ishirini kwa siku. Na Mzee, Mungu amsamehe, alifurahi. Kila alipoitwa alijisikia mtu tena.

Ndipo dada yake akapiga simu kutoka mtaa wa mbali. "Kaka, njoo unipangie na mimi stoo yangu. Siku tatu tu, nakuomba."

Ijumaa asubuhi akafungasha kalamu, futi kamba na kadi mpya. "Ukikwama, piga simu," akamwambia mkewe.

"Nitapiga," mkewe akasema, bila kuinua macho kwenye cherehani.

Huko kwa dada aliiweka simu kwenye rafu, sauti hadi mwisho. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili alimwomba dada yake ampigie, aone kama bado inaita. Iliita vizuri sana. Asubuhi ya siku ya tatu, chai mbele yake haijaguswa, akasema, "Sijui hata kama wanakula kule nyumbani."

Dada akaangua kicheko, kisha akakikatisha alipoona uso wa kaka yake. "Kaka, usinikasirikie. Mkeo ndiye aliyeniomba nikuchukue siku tatu. Stoo yangu haina shida, umeiona mwenyewe."

Kweli aliiona. Siku mbili nzima alikuwa akihamisha makopo sita yale yale, kushoto kwenda kulia, kulia kwenda kushoto.

"Kwa hiyo nimetolewa stoo," akasema. "Tena bila kadi."

Alirudi nyumbani mchana ule akiwa mnyonge, begi limemlemea kuliko alipoondoka. Ubao wa kaunta haukuwepo. Nusu ya mlango iliyobaki ilikuwa imeng'olewa na kuegemezwa ukutani. Ndani, makopo yalikuwa yale yale, maua na mistari ile ile, lakini rafu zote zilikuwa zimeshuka. Sukari sasa ilikuwa usawa wa mkanda wake wa suruali. Chini ya sheria yake ya herufi kubwa mtu alikuwa ameongeza kwa chaki ya fundi cherehani: MKONO WA ANAYEPIKA.

Alisimama pale akijikuna kichwa. Miaka thelathini na mmoja alikuwa amefundisha sheria ile, na hakuwahi kujiuliza ni mkono wa nani.

Kisha akainua macho rafu ya juu. Kiti hakikuwepo. Alikikuta jikoni, hatua mbili kutoka kwenye moto, kimesimama kwa miguu minne. Mguu wa nne ulikuwa wa mbao ya kaunta. Kwenye egemeo ilining'inia kadi, kwa uzi mwekundu, na mwandiko ulikuwa wa mkewe:

Kitu: mume. Idadi: mmoja tu. Kimetoka: Ijumaa. Kimerudi: . . . Aliyepokea: . . .

"Umeshaona?" Mkewe alikuwa mlangoni, pini mbili midomoni. Akazitoa. "Nimechoka kuongea na dirisha, Mzee. Miaka yote hiyo ulikuwa wa watu, wakikuona kifua na kichwa. Mimi nataka wa kukaa hapa tuongee nikipika. Sukari najua ilipo."

Bwana Dirisha akakivuta kile kiti. Akakaa kwanza, taratibu, akisikiliza kama kiti kitamkubali. Kilimkubali. Akatoa kalamu sikioni, akaandika Jumapili mahali pa kurudi, halafu akaisogeza kadi kwa mkewe.

"Sahihi hapa," akasema.

Mkewe hakubisha. Aliegemea bega lake, akaandika majina yake yote matatu, polepole, kama alivyoyaandika siku ya ndoa yao.